Karatasi Iliyopigwa Laminesheni

Kaeni, wapendwa. Walio kule mlangoni sogeeni mbele, mvua isiwanyeshee. Na kina mama wenye wachanga, nyonyesheni tu, kilio cha mtoto hakijawahi kuharibu ibada. Neno tumekwisha kulisoma. Sasa nataka niwape mfano, na naomba mnivumilie, maana huu si mfano wa kuchekesha, ingawa mwanzoni mtacheka. Nawajua.

Palikuwa na mtu mmoja mwenye pikapu. Alikaa milimani, huko wanakolima tangawizi, mahali ambapo ukitema mate kwenye kona ya juu yanamwangukia mtu aliye kwenye kona ya chini. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Mlango wa kulia ulifungwa kwa kamba, na honi ililia ilipotaka yenyewe. Nyuma, kwenye ubao wa bodi, alikuwa ameandikisha kwa herufi kubwa nyeupe: USINIHUKUMU.

Na kweli, nani angemhukumu? Alikuwa mtu mwema. Kijiji kizima kilikuwa na gari hilo moja. Kwaya ikialikwa usharika mwingine, ni yeye. Maiti ikirudishwa nyumbani kutoka mjini, ni yeye, na hakudai kitu, alisema tu mniombee. Alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka upande wa kina baba, na kikapu kikimfikia mtu mgumu alikuwa akikitikisa kidogo. Nawaambia haya mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari za jambazi. Majambazi wana mahakama yao. Mfano huu ni wa watu wema, yaani wa hapa ndani.

Enzi zile kodi ya gari ya kila mwaka ilikuwa bado ipo. Vijana hamwijui, waulizeni wazee wenu. Ulilipa, ukapewa stika, ukaibandika kwenye kioo cha mbele, na trafiki akikuona kwa mbali anajua huyu yuko sawa na serikali. Mwaka ukiisha, na stika nayo imekwisha, hata kama gundi bado inashika.

Basi kodi ya yule bwana ikaisha. Fedha alikuwa nayo, tangawizi ilikuwa imetoka vizuri mwaka ule, kwa hiyo tusimtafutie umaskini. Akashuka mjini, akaenda ofisini, akajaza yaliyotakiwa kujazwa. Karani akamtazama akamwambia, "Mzee, umeniletea nakala ya kadi ya gari. Mimi nahitaji kuiona kadi yenyewe. Nenda kailete, nitakupa stika papo hapo." Akampa kipande cha karatasi chenye mhuri, kimeandikwa kwamba maombi yamepokelewa na yanashughulikiwa.

Na hiyo kadi yenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa imepotea? Ilikuwa Dar es Salaam? Ilikuwa nyumbani kwake, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda anacholalia, imefungwa ndani ya kitenge cha mkewe. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Mkewe akaitoa, akaiweka mezani. "Baba Mbonea, kadi hii hapa. Usije ukasema hukuiona."

"Jumatatu nakwenda," akasema.

Jumatatu akatokea mgonjwa wa kushushwa. Jumatatu iliyofuata kukawa na kikao cha ujenzi wa kanisa, na mwenyekiti wa kikao ni nani kama si yeye? Iliyofuata mvua, iliyofuata msiba wa jirani. Mnaona sababu zake? Hakuna hata moja iliyokuwa mbaya. Angekuwa anakaa kilabuni mkewe angemfokea, lakini utamfokeaje mtu anayesema anakwenda kwenye mambo ya Mungu? Kadi ikakaa mezani mpaka ikamwagikiwa chai, ndipo mama akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha sandukuni.

Sasa pale chini, njia ya mlima inapokutana na lami, palikuwa na kizuizi cha polisi. Mnavijua: mti uliopakwa nyekundu na nyeupe, jiwe limefungwa shinani ili uinuke kirahisi, na kibanda cha mabati pembeni. Trafiki wa pale alikuwa mwanamke, sajenti, kwa umri wake angeweza kuwa binti wa huyu bwana. Na alikuwa na adabu. Gari liliposimama alisogea dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Njema, baba. Stika yako imekwisha."

"Inashughulikiwa, mwanangu." Akatoa ile karatasi.

Sajenti akaisoma juu na chini, akamrudishia. "Sawa, pita. Lakini hii ni ya kusubiria tu, baba. Usije ukaigeuza godoro."

Akauinua mti, gari likapita. Jamani, yule bwana alishuka mpaka mjini anapiga mluzi. Alikuwa amegundua jambo ambalo watu wengi hugundua na wakaharibikiwa nalo: kwamba mtu anaweza kuishi na ahadi ya kutengeneza mambo, bila kuyatengeneza, na mti ukainuka vilevile. Tangu siku ile neno lake likawa ni hilo moja. Akiulizwa, inashughulikiwa. Anashughulikia nani? Kadi imelala sandukuni, karani anaisubiri kadi, na mwenye kadi anamsubiri karani.

Karatasi ikaanza kuchakaa. Kukunjwa, kukunjuliwa, jasho la mfukoni, ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Mtu mwingine angejiambia, kama karatasi ya kusubiria imechakaa, basi nimesubiri mno. Yeye alikwenda nayo kwenye duka la vifaa vya shule, akaipiga laminesheni.

Mnacheka. Niliwaambia mtacheka. Mtu alishuka mlima mzima, akapita mbele ya mlango wa ofisi ya kodi, maana duka lile lilikuwa jengo la pili yake, akaenda kuilinda karatasi ya kusubiria isiharibike! Alitoka nayo inang'aa, ngumu, hata maji haiogopi. Akaichomeka juu ya dashibodi, pale ambapo ingekaa picha ya watoto.

Sajenti alipoiona hakucheka. Aliishika kwa vidole viwili. "Baba," akasema, "umeipiga laminesheni?"

"Ilikuwa inachanika, mwanangu."

Magari mengine nyuma yalikuwa yanapiga honi. "Sikiliza, baba yangu. Hii siipokei tena. Ukija hapa mara nyingine bila stika, gari litalala kituoni, na mimi sipendi kumwona mtu mzima anapanda mlima kwa miguu. Nipe namba yako. Na hii ni yangu. Ukikwama pale ofisini nipigie, kuna ndugu yangu anafanya kazi pale, atakuwahisha."

Mmesikia? Alitishiwa na akapewa msaada katika pumzi moja. Lakini yule bwana, kama wengi wetu, alikuwa na sikio la tisho tu. Alipofika mbele, akasimamisha gari, akaihifadhi ile namba kwenye simu. Hakuandika Sajenti, wala Binti wa Kizuizini. Aliandika: USIPOKEE.

Akatafuta njia nyingine. Na mwenye kutafuta njia ya kukwepa haikosi. Katikati ya mlima na lami palikuwa na shamba la zamani la mkonge, lilikwisha kufa, kampuni iliondoka, mkonge wenyewe umeota hovyo. Ndani yake mlikuwa na njia ya matrekta, inazunguka kwa mbali na kuibukia mjini kwa nyuma, upande wa machinjio. Udongo wa mle ni ule mweusi wa mbugani. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, masika unashika kila kinachokanyaga. Njia ilikuwa ndefu karibu maradufu ya ile ya lami. Yeye akaanza kuiita njia yangu.

Abiria walinung'unika. Tangawizi iliruka ikashuka. Springi moja ikakatika. Simu ikaita mara kwa mara, USIPOKEE, USIPOKEE, naye anaitazama mpaka inanyamaza. Wakati mwingine mkewe, akiwa kando yake, alikuwa akitikisa kichwa.

"Baba Mbonea, mtoto wa watu anakuamkia, anakupa namba yake akusaidie, wewe unamkimbia kama umeiba?"

"Simkimbii. Nampisha."

"Unampisha kwenda wapi? Yeye amesimama palepale. Anayezunguka na mkonge ni wewe."

Akacheka, maana alimpenda mkewe na alipenda ulimi wake. Akamwambia, Jumatatu.

Ikafika masika. Siku moja mchana, mama alishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Waliokata majani wanajua: mkono mmoja unakumbatia fungu, mwingine unapitisha mundu, na macho hayaoni kilichomo ndani ya fungu. Ndani ya fungu alikuwamo nyoka, swila. Akamuuma kwenye kifundo cha mkono, akaenda zake.

Walimpandisha wakamfikisha zahanati, na mumewe akaja na gari mbio. Muuguzi akamfunga kibao mkono usitikisike, akamtazama macho, akamgeukia mume. "Hapa dawa ya nyoka sina. Mshushe hospitali sasa hivi, msisimame popote. Mimi nabaki hapa nawapigia wa huko chini."

Mama alikuwa bado anazungumza. Alisema hata, "Yule ng'ombe hajapewa maji." Jirani yao, mama mmoja wa shoka, akapanda akaketi dirishani, wakamweka mgonjwa katikati, akamkumbatia. Mume akashusha gari kwenye zile kona kama mtu anayemwaga maji. Nataka mumwone vizuri. Huyu hakuwa mzembe siku ile. Angeweza kutoa macho yake mawili akakabidhi, mkewe apone.

Wakafika njia panda. Kulia, barabara inateremka moja kwa moja kwenye kizuizi na lami, na kutoka pale hospitali si mbali. Kushoto, mkonge.

Mguu wake ukapunguza mafuta. Akawaza: pale nitasimamishwa. Ataniuliza stika. Ataniambia nilikupigia hukupokea. Atasema gari lilale hapa, nami nitamsihi, na huku sumu inapanda. Mke wangu atanifia mikononi nikibishana na serikali. Ndivyo alivyowaza, na mnaona jinsi lilivyokuwa wazo la mtu mwenye akili. Woga, wapendwa, haujiiti woga. Hujiita busara, hujiita haraka, siku nyingine hujiita hata upendo. Akakata kushoto.

"Baba Mbonea," mkewe akasema. Sauti ilikuwa imeanza kuwa nzito. "Pita barabarani."

"Huku hakuna wa kutusumbua, mke wangu. Tulia."

"Pita barabarani."

Jirani naye akasema, "Shemeji, huku kuna tope." Lakini gari lilikuwa limekwisha kuingia kwenye mkonge, na njia ile ni nyembamba, huwezi kugeuza.

Walipofika mahali penye uwazi, waliiona lami kwa mbali, upande wa kulia. Malori yalikuwa yamesimama pale kizuizini. Mstari mrefu, mabasi, malori, magari madogo, yote yamezuiwa kushoto na kulia, hakuna kinachosogea. Akawaonyesha kwa kidole, karibu kwa furaha. "Mnaona? Leo wanakamata kila mtu. Mngeniambia nipite pale!"

Wakati huohuo simu ikaita juu ya dashibodi, kando ya karatasi yake ing'aayo. Mkewe akageuza macho, kope zilikuwa zinamlemea, lakini alikuwa msomaji mzuri, ndiye aliyekuwa akisoma masomo hapo mbele siku za kina mama. Akasoma kwenye kioo cha simu: USIPOKEE.

"Pokea," akasema.

"Huyu atatuchelewesha tu."

Simu ikanyamaza. Ikaita tena. Ikanyamaza, ikaita tena. "Pokea, baba," akasema, na hilo ndilo neno la mwisho lililosikika sawasawa kutoka kinywani mwake. Mume akaichukua simu, akaizima, akaitupa chini ya kiti.

Mbele kidogo gari likazama. Gurudumu la nyuma lilizunguka, likachimba, likazama mpaka bodi ikakaa juu ya udongo. Akashuka akakata mkonge kwa mikono akautandika chini ya matairi, miiba ikamchana viganja, akarudi akakanyaga mafuta, gari likazidi kukaa. Jirani akavua viatu akaondoka mbio kwenda kutafuta watu. Yeye akamtoa mkewe, akambeba mgongoni, akaanza kutembea kuelekea lami, kule kule kwenye kizuizi alichokikwepa, kwa sababu sasa ndiko kulikokuwa na watu. Alitembea huku anamsemesha. Mwanzoni alikuwa akisikia pumzi yake shingoni, fupi fupi, kama ya mtu aliyepandisha kilima. Halafu haikuwepo. Aliendelea kumsemesha. Alimweleza habari za ng'ombe, kwamba atapewa maji. Watu walipomkuta walimbembeleza sana ndipo akakubali kumtua chini.

Tukamzika Mama Mbonea. Nasema tukamzika, maana mtu wa namna hii huzikwa na watu wote.

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa bado chini ya turubai, akaja mwanamke mmoja amejifunga kanga, akaketi mkekani na kina mama. Baadaye akaomba kumwona mfiwa. Yeye alikuwa ndani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alipomwona hakumtambua mara moja bila sare.

"Shikamoo, baba."

Alimtazama tu.

Akapiga magoti pale sakafuni, kama binti anavyompigia baba yake, akamwambia pole. Ilionekana kuna kitu kinamsumbua na hajui kama ni haki kukisema mbele ya msiba. Mwisho kikamshinda.

"Baba, ile siku ulipitia wapi?"

"Kwenye mkonge," akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Nilijua utanizuia."

Yule binti akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Baba yangu. Muuguzi alipiga simu hospitali, akawatajia gari lako. Wakatoa gari la wagonjwa, na daktari ndani, na dawa ya nyoka, na mashine ya kumsaidia mtu kupumua. Wakaniambia, hatuwezi kupanda mlima kwa tope hili, tutawasubiri hapo kwako kizuizini. Wakaja wakasubiri. Mimi nikasimamisha magari yote, kushoto na kulia, ili mkifika kusiwe na hata baiskeli ya kuwachelewesha. Nikakupigia nikuambie daktari yuko hapa. Nikakupigia tena. Muuguzi naye akakupigia, akakuta hupatikani. Tulikuwa tunakutazamia kwenye ile kona, baba. Kila gari likitokea tunasema hao."

Akasema, "Yale malori..."

"Niliyasimamisha kwa ajili yako."

"Na stika?"

"Stika gani, baba?" akasema yule sajenti. "Siku ile ungekuja na gari lisilo na hata namba ningekufungulia. Mti ulikuwa juu. Kamba ya lile jiwe ilikuwa imekatika, niliushikilia kwa mikono yangu mwenyewe, mvua ikininyeshea, nikiogopa kuushusha usije ukafika ukaukuta chini."

Wapendwa, mimi siwezi kuwaeleza alichohisi yule baba. Sina maneno ya hapo, na mwenye nayo namwomba asinieleze. Nawaambia tu alichofanya. Aliondoka, akatoka nje kwenye gari lake, ambalo vijana walikuwa wamelivuta na kulileta uani, akaichukua ile karatasi yenye laminesheni, akajaribu kuichana. Haikuchanika. Alivuta kwa mikono yote miwili, yenye majeraha ya mkonge, watu wote chini ya turubai wanamtazama, na haikuchanika.

Sasa mnafikiri nimekuja hapa kuhubiri habari za kodi? Lipeni kodi, ndiyo, kwa wakati, na mtu asiendeshe gari kwa kutegemea karatasi ya kusubiria, hilo halihitaji mhubiri. Lakini nataka tujitazame sisi.

Kwa sababu sisi tunayo karatasi hiyo. Tuliipokea siku moja, tulipoitwa, tulipolia hapa mbele, tukasema, nitaacha. Nitarudi kwa mke wangu. Nitampa ndugu yangu sehemu yake ya shamba. Nitakwenda kumwomba radhi mama kabla hajafa. Na Mungu, kwa huruma yake, akatupokelea maombi, akatuachia tupite, akasema hii ni ya kusubiria tu. Sisi tukafanya nini? Tukaipiga laminesheni. Tumeiweka mbele ya macho yetu inang'aa, na mwaka kwa mwaka tunasema mambo yangu na Mungu yanashughulikiwa. Wewe mwenye kadi sandukuni, yanashughulikiwa na nani?

Halafu tukatafuta njia ya mkonge. Kuna mtu kijijini hapa akiona kanzu yangu inakuja anakata kona ya mgombani. Namwona! Nami natembea taratibu ili amalize kujificha kwa heshima. Anadhani ninakuja kumuuliza. Kuna mwingine hapigi goti tena, kwa sababu akipiga goti atakumbuka. Na siku nyoka atakapouma, maana atauma, ndugu zangu, masika haiachi mtu, siku mtoto atakapougua, siku wewe mwenyewe utakapolala chali unatazama dari, tazama kama hutakata kushoto. Utasema, sasa si wakati wa kwenda kwa Mungu, ataanza kunidai. Utajiona una busara. Utamkimbia yule pekee aliyesimamisha barabara nzima kwa ajili yako. Utaona dalili za huruma yake kwa mbali, ule mstari mrefu wa malori, na utasema kwa furaha, mnaona, leo wanakamata kila mtu.

Na hatubebi roho zetu tu kwenye gari hilo. Mnalijua hilo, eeh kina baba? Tunaposhupaza shingo, kuna mtu amekaa katikati, anasema pita barabarani, na usukani hauko mikononi mwake. Yule mama hakuwa na deni na serikali. Kadi aliitoa yeye. Alikufa kwa njia ya mume wake.

Sitaimbisha wimbo sasa. Mwalimu wa kwaya, kaa. Nataka tufanye jambo ambalo hatujazoea. Kila mmoja wetu anajua ni namba ya nani aliyoiandika Usipokee. Inawezekana ni kaka yako. Inawezekana ni yule uliyemwahidi ndoa. Inawezekana ni mama aliyekuzaa, umechoka kuulizwa unakuja lini. Toka nje sasa hivi, hapo chini ya upenu, mpigie. Usiseme maneno mengi. Sema, mimi hapa, nilikuwa nakukimbia. Kama hana simu na anakaa jirani, nenda kwa miguu. Kama huyo unayemkimbia ni Mungu mwenyewe, baki ulipoketi, uinamishe kichwa.

Mzee wa zamu, fungua ile milango miwili, uishikilie. Usiiachie hata mvua ikiingia. Ibada haiendelei mpaka warudi. Sisi tutakaa hapa tuwasubiri.